Usiseme Hapana, Sema Lete

Maneno haya niliyasema mbele ya wanachama wa chama chetu cha akina mama wafanyabiashara, ukumbini Tononoka, Mombasa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nimeondoa tu pale nilipojirudia, na pale mwadhini aliponikatiza.

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mwenyekiti, Bi Katibu, mama zangu mlioketi mbele, na nyinyi kina baba wawili watatu mliojibanza nyuma karibu na feni, nashukuru kwa kuniita.

Nimepewa dakika ishirini, na sababu ya kuitwa ni karatasi hii. Bi Katibu aliipokea njiani pale Buxton, akaileta kikao kilichopita, ikasomwa, watu wakapiga makofi. Ina picha ya friza nyeupe inang'aa, na chini yake kwa herufi kubwa: UKIPATA BEI NAFUU KWINGINE, TUTAILINGANISHA! Na kwa vile chama kimekusudia kununua friza kumi kabla ya Ramadhani, ikaonekana kazi imekwisha. Ya nini kuzunguka na jua? Twende pale pale, na tukisikia kwingine ni rahisi, si watatupunguzia? Nilipoinua mkono nikasema ngojeni kwanza, mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, akaniuliza: "Kwani wewe unajua nini?"

Haya, niwaambie ninachojua.

Miaka tisa nilikaa kwenye dawati la wateja la duka moja kubwa la vyombo vya umeme, hapa hapa mjini. Jina silitaji, na wala msinifuate nje kuniuliza. Duka lilikuwa na bango kama hili, tena kubwa zaidi, limening'inizwa juu ya mlango. Siku yangu ya pili kazini, msimamizi wangu, mtu mpole, mcha Mungu, aliniketisha akanifundisha jambo moja ambalo sijalisahau. Aliniambia: "Mteja akija na bei ya duka jingine, usiseme hapana. Sema lete."

Mnaelewa? Ukisema hapana, mteja anapandisha sauti, watu wanageuka, meneja anaitwa. Ukisema lete, mteja anashukuru. Anaondoka na tabasamu. Lete risiti yao. Lete kwotesheni yenye muhuri. Lete tangazo lao lenye tarehe. Lete namba ya modeli. Kila unachomwomba ni cha haki ukikitazama peke yake. Hakuna anayeweza kukulaumu kwa kuomba namba ya modeli. Ila mteja akishaambiwa lete mara mbili, wengi hawarudi mara ya tatu. Aliyerudi mara ya tatu tulimwita "mwanasheria", baina yetu, nyuma ya kaunta.

Nitawapa kisa cha mmoja ambaye hakuwa mwanasheria.

Alikuwa mama wa makamo, wa Likoni, anauza barafu na maji ya ukwaju. Alikuja siku ya Jumanne asubuhi, akafungua fundo la leso yake, akatoa kipande cha karatasi ya daftari. Ameandika kwa kalamu ya risasi: friza, lita mia mbili, elfu thelathini na tano. Sisi yetu ilikuwa elfu thelathini na nane na mia tano. Friza ile ile, aliniambia, rangi ile ile, jina lile lile mbele. Tofauti elfu tatu na mia tano. Kwa muuza barafu hizo si pesa za kuchezea.

Nikamwambia, mama, vizuri sana, lete namba ya modeli.

Akavuka feri akarudi kwao. Feri ni bure kwa aendaye kwa miguu, hilo nalijua, lakini matatu si bure, na kibanda alikuwa amekifunga. Alhamisi akarudi. Safari hii amemchukua kijana wake, wamepiga picha kwa simu kile kibati cha alumini kilicho nyuma ya friza, pale penye namba. Nikaisoma. Herufi na tarakimu zote sawasawa, isipokuwa ya mwisho. Yetu iliishia K. Yao iliishia N.

Nilijua tofauti ya K na N. Ilikuwa ni kikapu. Friza yetu ilikuja na kikapu cha waya ndani, ile yao haikuja nacho. Mashine ile ile, gesi ile ile, mota ile ile. Lakini kwa kanuni zetu hiyo ilikuwa bidhaa nyingine, na bidhaa nyingine hailinganishwi. Nikamwambia. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Basi toa kikapu."

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini sikutoa kikapu.

Akanishinda kwa namna nyingine: akaenda akatafuta duka la tatu lenye ile ya K, akakuta iko kwa elfu thelathini na sita, akarudi Jumamosi na picha iliyotimia. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikainua simu ya mezani mbele yake, nikapiga duka lile, nikauliza: "Mnayo hii stoo?" Wakasema iliyobaki ni moja tu, ile ya maonyesho. Bidhaa ya maonyesho haihesabiki. Bidhaa lazima iwe stoo, mpya, ndani ya boksi. Nikaweka simu chini, nikamweleza kwa adabu zote.

Siku hiyo ilikuwa zimesalia siku nne mwezi uandame. Aliinunua kwetu. Elfu thelathini na nane na mia tano, taslimu, noti zimekunjwa ndani ya leso. Aliniambia, "Mwanangu, nimechoka." Na mwezi ule msimamizi alinisifu kikaoni.

Sikuwaletea kisa hiki ili mnihurumie wala ili mnichukie. Nataka mwone jambo moja. Mama yule, bango lisingekuwepo, angefanya nini Jumanne ile? Angesimama mbele yangu akasema, "Mwanangu, kule ni elfu thelathini na tano, wewe utaniuzia ngapi?" Na mimi ningelazimika kujibu. Ningemwita meneja, tungebishana, tungekata elfu moja, pengine elfu mbili, tungeongeza usafiri mpaka Likoni. Huko ndiko kupatana. Mombasa hakuna aliyetufundisha kupatana bei, tumezaliwa nako. Nenda Mtaa wa Biashara kanunue leso: muuzaji anataja bei, wewe unataja yako, anashika kifua, wewe unageuka kama unayeondoka, anakuita. Jasho lenu nyote wawili linatoka. Yeye anapoteza wakati wake kama unavyopoteza wako, na kwa sababu anapoteza, anataka mmalizane. Ukiwa wa kufungulia kazi asubuhi, anataka mmalizane zaidi.

Bango la kulinganisha bei limeondoa jasho la muuzaji, likaacha lako peke yako. Wahenga walisema ahadi ni deni. Sawa. Lakini hii ni ahadi ambayo mdai ndiye anayepanda matatu.

Sasa, mkiniruhusu, tugeuze karatasi hii. Bi Katibu, uliigeuza nyuma? Hukugeuza. Hakuna anayegeuza. Nipe miwani yangu.

"Vigezo na masharti kuzingatiwa." Hayo mnayajua. Tuendelee. "Ofa hii ni kwa bidhaa moja kwa kila mteja." Narudia kwa walio nyuma: bidhaa moja kwa kila mteja. Chama kinanunua friza ngapi? Kumi. Kwa jina la nani? La chama. Risiti moja, mteja mmoja, friza moja italinganishwa na tisa zitalipiwa bei ya kawaida ya duka. Nasikia mnaguna. Guneni tu. Na hapa: "maduka yaliyosajiliwa yenye ofisi ndani ya Kaunti ya Mombasa." Kwa hiyo yule wa Mtwapa mliyesema anauza rahisi hayumo, Mtwapa ni Kilifi. Na hapa: "haihusu mauzo ya mkopo wala malipo ya awamu." Wale mliotaka kulipa mdogo mdogo, mmetoka. Na hapa chini kabisa, herufi za chawa: "uamuzi wa meneja ni wa mwisho."

Hilo la mwisho lingetosha kuandikwa peke yake.

Kuna jingine ambalo halijaandikwa lakini ndilo linalowashinda wengi hapa mjini. Maduka mengi ya rahisi, mkiwa mnayajua, yana bei mbili. Unaulizwa, "Ya risiti au bila risiti?" Ile ya bila risiti ndiyo inayokuvutia, kwa sababu kodi ya VAT, asilimia 16, haimo, au wanakwambia haimo. Sasa wewe unaenda duka la bango, unasema kule ni elfu thelathini na tatu. Wanakwambia lete kwotesheni. Unarudi kwa muuzaji wako unamwambia niandikie hiyo bei kwenye karatasi yenye jina la duka na muhuri. Atakuandikia? Atakufukuza. Anakujua wewe, hamjui atakayesoma karatasi hiyo baada yako. Hivyo bei ile ya rahisi ipo, unaiona kwa macho, lakini haiwezi kuthibitishwa, na isiyothibitika hailinganishwi. Na mimi sikwambii ununue bila risiti, friza ikiharibika wiki ya pili utamwonyesha nani nini? Nakwambia tu kwamba bei unazozisikia mjini na bei zinazokubalika pale kaunta ni vitu viwili.

Mali ya Dubai nayo ni hivyo. Ile iliyopita kwa mkono wa mfanyabiashara mdogo, bila wakala, haina waranti ya hapa, basi kwao haifanani na yao hata ikiwa imetoka kiwanda kimoja. Mtumba wa Uingereza usiuzungumzie kabisa. Na usafiri: yule wa rahisi anakuletea mpaka mlangoni Majengo, huyu wa bango atalinganisha bei, halafu akutoze pikapu. Umelinganishiwa nini?

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa, na ambalo nilikaa miaka tisa nyuma ya kaunta bila kulijua. Nililielewa baada ya kuacha kazi.

Tuchukue kina mama wawili wanauza viazi karai barabara moja, mmoja huku, mmoja kule. Wote wanauza sahani shilingi hamsini. Wa kwanza anafikiri: nikishusha hadi arubaini, wateja wa yule watavuka barabara waje kwangu, nitauza sahani nyingi zaidi, nitafidia. Hivyo ndivyo bei zinavyoshuka duniani, hakuna siri nyingine. Lakini yule wa pili anatundika kibao: "Yeyote akiuza rahisi, nami nitauza bei hiyo hiyo." Wa kwanza anakisoma kibao. Anafikiri tena. Nikishusha hadi arubaini, hakuna atakayevuka, kwani yule naye atashusha papo hapo. Nitakachopata ni kuuza kwa arubaini wateja wale wale niliokuwa nikiwauzia kwa hamsini. Basi anaacha. Sahani inabaki hamsini, huku na kule, mwaka mzima. Hawakukaa pamoja wakakubaliana. Hawakupigiana simu. Kibao kimewakubalisha.

Ndiyo maana nasema, bango lile juu ya mlango wetu halikuwa likisema nanyi. Lilikuwa likisema na duka la ng'ambo ya barabara. Lilikuwa likiwaambia: msijisumbue kushusha.

Si maneno yangu haya. Mwaka 1986 mwanauchumi Mmarekani aitwaye Steven Salop aliandika juu ya jambo hili, na mfano wake ulikuwa maduka ya redio na vyombo vya elektroniki ya New York, Crazy Eddie na Newmark & Lewis, kila moja likijigamba kwamba halishindwi kwa bei. Mpita njia anaona vita. Yeye akaona amani. (Huyo mwenye Crazy Eddie baadaye alifungwa kwa kughushi hesabu za kampuni, lakini hilo ni la siku nyingine.) Mwaka 1997 mwingine, Aaron Edlin, akaandika kwenye jarida la sheria la Harvard akiuliza kama ahadi ya bei ya chini haileti kinyume chake, bei ya juu. Wapo wanaobisha. Wanasema kuna maduka ambayo kweli ni ya rahisi, na ahadi ni njia yao ya kutangaza hivyo, nami siwakatalii. Duka la rahisi linaweza kuweka bango. Lakini duka la ghali nalo linaweza kuweka bango lile lile, na karatasi haikwambii ni lipi.

Na kuna namna ya pili duka linavyonufaika, hii niliiona kwa macho. Wateja mia wakiingia, tuseme watano wanakuja na ushahidi uliotimia. Watano hao wanapunguziwa. Tisini na watano wanalipa bei ya kawaida ya duka, tena kwa moyo mkunjufu, kwa sababu wamesoma bango wakaamini kwamba duka linalojigamba vile haliwezi kuwa ghali. Hawakuuliza kwingine. Ahadi imewafanya wasiulize. Wale watano duka linawalipia kwa mfuko wa wale tisini na watano. Mwenye haraka, mwenye kazi, mzee asiyejua kupiga picha kwa simu, mama wa Likoni, hao ndio wanaolipa punguzo la "mwanasheria".

Nikitazama huko ulaya na Marekani, ambako mambo haya ni ya zamani, naona kila kilichotokea dawati langu kimetokea kwao, kwa ukubwa wao.

Uingereza kuna John Lewis, duka lenye heshima. Tangu 1925 lilikuwa na kaulimbiu kwamba halishindwi kwa bei kwa kujua. Uzito wote uko kwenye hilo neno "kwa kujua". Kwa miaka mingi halikulinganisha bei na wauzaji wa mtandaoni wasio na maduka, na huko ndiko watu walikokuwa wakinunua. Mwaka 2022 likaiacha ahadi yenyewe, mwaka 2024 likairudisha kwa sura mpya, likitaja orodha ya maduka 25 litakayojilinganisha nayo. Angalau orodha imetajwa, hilo nalisifu.

Marekani mwaka 2007, mwanasheria mkuu wa jimbo la Connecticut, Richard Blumenthal, aliishtaki Best Buy, kampuni ya maduka ya vyombo vya elektroniki. Wateja walikuwa wakiona bei kwenye tovuti ya kampuni wakiwa nyumbani, wakifika dukani mhudumu anafungua kompyuta ya duka, ukurasa unaofanana kabisa na ule wa nyumbani, bei iko juu. Mteja anadhani amekosea kusoma. Kumbe ule ulikuwa ukurasa wa ndani ya duka. Kampuni ilikiri kwamba ukurasa huo upo, ila haikukubali kwamba nia ilikuwa kudanganya. Fikirini, hata bei ya duka lile lile ilikuwa na ubishi, sembuse ya duka jingine.

Nisiwe mwonevu, wateja nao wana mambo. Mwaka 2014 Walmart, maduka makubwa ya huko Marekani, walitangaza watalinganisha bei za mtandaoni. Watu wakatengeneza matangazo ya uongo kwenye Amazon, lile soko la mtandaoni, mtambo wa michezo wa PlayStation 4 wa dola 400 wakauandika chini ya dola 100, wakapiga picha, wakaenda kudai. Wengine walipewa! Walmart wakakaza masharti mwezi ule ule. Kila mjanja mmoja anaongeza sharti moja, na sharti hilo linamwangukia mama wa kipande cha daftari. Na Julai 2025 Target, maduka mengine makubwa ya huko, nao wakaacha kulinganisha bei na Amazon na Walmart. Wanalinganisha na bei zao wenyewe tu, za dukani na za mtandaoni.

Kwenye chakula ni balaa jingine. Uingereza kuna supamaketi kubwa zinazotangaza kwamba bei zao ni sawa na za Aldi, ambalo ni duka la rahisi. BBC walipochunguza mwaka 2024 wakakuta vipande vya kuku vya Tesco, moja ya supamaketi hizo, vilivyolinganishwa bei vina kuku asilimia 39, vya Aldi vina asilimia 60. Bei sawa, ndio. Kuku je? Yangu mimi ilikuwa K na N zenye tofauti ya kikapu, nikakataa kulinganisha. Hao wamelinganisha, na tofauti imo ndani ya kuku. Linapowafaa kufanana, vinafanana. Linapowafaa kutofautiana, herufi moja inatosha.

Mmoja ataniuliza, sheria iko wapi? Iko. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike na anachonunua, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya adabu. Ikaja Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012, inayokataza kumwambia mteja kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Na iko Mamlaka ya Ushindani, inayopokea malalamiko. Lakini tusemezane ukweli: bango lenye masharti nyuma ni gumu kushtaki. Halijasema uongo. Limesema ukweli kwa herufi kubwa mbele na kwa herufi za chawa nyuma. Pa kulalamika pana nguvu ni pale umetimiza kila sharti, unayo karatasi, na bado wamekataa. Hapo andika, usipige kelele. Biashara haigombi.

Basi mniulize, je, tusinunue pale? Sikusema hivyo. Mimi mwenyewe nimewahi kutumia bango, kwa pasi na blenda, na nikapunguziwa. Linafaa ukiwa unanunua kitu kimoja, chenye jina linalojulikana, duka jingine liko hatua mia, na umekwenda na ushahidi kabla ya kulipa. Kabla. Ukishalipa, yale maneno ya "ndani ya siku saba tutakurudishia tofauti" ni safari nyingine ya matatu, na watakurudishia kwa vocha ya kununulia kwao.

Lakini friza kumi si pasi. Friza kumi ni kitu ambacho hata hao wenye bango hawajakiandikia kanuni. Mnunuzi wa kumi haombi kulinganishiwa, anaomba bei ya jumla, na bei ya jumla haitoki kwa msichana wa dawati kama nilivyokuwa mimi, yeye hana ruhusa hata ya shilingi mia. Inatoka kwa mwenye duka au kwa wakala. Twendeni maduka matatu, manne, tuseme sisi ni chama, tunataka kumi, tunalipa siku moja kwa Till ya M-Pesa, tunataka risiti, tunataka waranti ya mwaka yenye fundi wa hapa Mombasa siyo wa Nairobi, tunataka ziletwe. Mtatupa ngapi? Kisha tunyamaze. Nyinyi mnajua kunyamaza, nimewaona mkinunua samaki.

Na ile karatasi tusiitupe. Twende nayo pia pale kwenye duka lenye bango, tuiweke mezani imegeuzwa nyuma, kidole juu ya "bidhaa moja kwa kila mteja", tumwambie meneja: hili hatulitaki, tupe bei yako.

Kuna mkono kule nyuma. Naam, baba.

Ameuliza friza yangu mimi niliinunua wapi. Swali zuri, mliogopa kuniuliza nyinyi wa mbele. Niliinunua Makupa, duka halina bango lolote, halina hata jina linalosomeka. Nililipa mia tano zaidi ya bei ya rahisi niliyoisikia. Mwenye duka ndiye fundi. Ilipokata gesi mwaka jana alikuja na baiskeli.

Bi Katibu ananionyesha saa. Jumamosi basi, saa mbili asubuhi, Mwembe Tayari, kabla jua halijapanda. Anayejua friza anayoitaka aje na namba ya modeli ameiandika yote, mpaka herufi ya mwisho. Na asiyeijua aje vile vile, tutaisoma pamoja pale nyuma ya mashine. Nitakuwa na miwani.